Nani anamlipa mchambua viazi wa Bariadi?

Wandugu, leo tuzungumzie viazi. Najua ukitaja Bariadi mbele ya watu wa rika letu, kinachokuja haraka kichwani ni "vijisenti", lile neno lililotoka kinywani mwa mbunge wa huko mwaka 2008 na mpaka leo halijatutoka midomoni. Siasa ipo, itatufikia tu mbele ya safari. Lakini naomba tuanze na kiazi kitamu, hiki hiki ambacho mama lishe anakuletea ofisini asubuhi kikiwa bado kinatoa mvuke. Nikuulize swali la kijinga kidogo: kiazi hicho kimechaguliwa mara ngapi kabla ya kufika kwenye sahani yako, na kati ya waliokichagua, ni nani aliyelipwa kwa kazi hiyo?

Kimechaguliwa angalau mara mbili. Mara ya kwanza ni shambani, na aliyekichagua hakupata hata shilingi kumi kwa kazi hiyo. Mara ya pili ni sokoni mjini, na huyo wa pili analipwa, tena vizuri. Kazi ni ileile. Nimekuwa nikilifikiria jambo hili tangu mwezi wa sita nilipotumwa Simiyu kuandika habari za msimu wa pamba, na kadiri ninavyolifikiria ndivyo ninavyoona kwamba hapa watu wanaibiwa mchana kweupe na sote tumezoea.

Kwa wasioufahamu, Simiyu ni mkoa wa juzi tu, ulizaliwa mwaka 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu upande wa Mwanza, Itilima ikamegwa kutoka Bariadi yenyewe, na Bariadi mjini pakawa makao makuu. Kwa miaka mingi ndiyo eneo linaloongoza kwa pamba nchini. Kwa hiyo mwandishi akitumwa huko anatumwa kwa ajili ya pamba, au kwa ajili ya wakubwa, kama ilivyokuwa miaka ya 2018 hadi 2020 Nanenane ya kitaifa ilipofanyika viwanja vya Nyakabindi. Viazi vitamu havina bodi, havina uzinduzi wa msimu, havina bei elekezi. Tanzania iko kundi la juu kabisa la wazalishaji wa viazi vitamu Afrika, na bado sijawahi kusikia mhariri akimwambia kijana wake, "Kaandike msimu wa viazi." Mimi nilivikuta tu, kwa sababu shamba la viazi lilikuwa linapakana na shamba la pamba nililokwenda kulipiga picha.

Sasa picha yenyewe. Ardhi ni ya kichanga, Wasukuma wanaiita luseni, imelimwa matuta marefu. Marando yameshafyekwa na kurundikwa pembeni, mengine ya mbegu, mengine ng'ombe watayamaliza jioni. Kijana mmoja anatangulia na jembe kufumua tuta, nyuma yake watoto wanaokota na kubeba hadi chini ya mti. Kazi ninayoisema inaanza hapo chini ya mti, penye rundo. Na pale penye rundo, ndugu msomaji, hukuti mwanamume.

Nilisalimia, shikamoo zikaitikiwa, nikapewa gunia tupu la kukalia. Mama mwenye shamba alikuwa akichambua huku anaongea na mkwewe, mkono unakwenda bila macho kuufuata. Akanyanyua kiazi kimoja kinene, ngozi nyekundu isiyo na mchubuko, mimi ningekilipia bila kubishana, akakitupa mbali.

"Mama, hicho kina nini?"

"Kina mdudu, mwanangu."

Akanyoosha mkono, akakirudisha, akanionyesha kitundu kidogo kama ncha ya kalamu. Akakivunja. Ndani palikuwa na njia nyeusi zilizopindapinda, na harufu kali.

Huyo ni fukuzi. Ni mdudu mwembamba, ukimwona haraka utadhani ni sisimizi mkubwa. Jua likikausha udongo nao ukapasuka, anapita kwenye mipasuko na kutaga kwenye kiazi. Kiazi kinajitetea kwa kutoa kemikali chungu, na uchungu huo unasambaa hadi sehemu ambazo kwa macho hazina tatizo lolote. Kuchemsha hakuuondoi. Kwa hiyo kitundu kimoja ambacho wewe na mimi tusingekiona kinatenganisha chakula na takataka, na vidole vya yule mama vilikigundua kabla hata macho yake hayajafika.

Nilihesabu. Kwa muda wa kama sekunde mbili kila kiazi kinahukumiwa kwa mambo manne au matano kwa mpigo. Kilichokatwa na jembe kinakwenda fungu la kuliwa leo na kesho, kwa sababu jeraha halikai, linaoza. Kikubwa kizima kinakwenda kwenye fungu la kuuza. Cha wastani kinabaki cha nyumbani, cha kuchemsha. Vidogo, vya ukubwa wa kidole gumba hadi yai, vina fungu lao, nitavirudia maana ndivyo vilivyonifanya niandike. Halafu kuna suala la aina. Kwenye shamba moja wanapanda aina kadhaa kwa pamoja, na mama anazijua kwa ngozi, kwa umbo na hata kwa uzito mkononi: kipi ni cha unga, kikavu, na kipi kina maji.

Hilo la unga na maji si suala la ladha tu. Mwaka 2016 Tuzo ya Chakula Duniani ilikwenda kwa watafiti wa kuongeza virutubisho kwenye mazao, na watatu kati ya wanne walioshinda walikuwa wa viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa vyenye vitamini A. Mmoja wao ni Robert Mwanga, jirani yetu wa Uganda. Moja ya mambo yaliyowasumbua watafiti wa viazi hivyo miaka ya mwanzo lilikuwa hili: aina nyingi za rangi ya chungwa zilikuwa na maji, na watu wa ukanda wetu walizikataa mdomoni. Ilibidi maabara irudi nyuma kuzalisha aina zenye unga. Kwa lugha nyepesi, wenye shahada walilazimika kufuata kipimo kilekile ambacho mama wa Bariadi anakitumia akiwa amekaa juu ya gunia tupu.

Uholanzi na Marekani kazi hii inafanywa na mashine. Viazi mviringo vinapita kwenye mkanda, kamera zinavipiga picha, kompyuta inaamua, hewa au kidole cha chuma kinasukuma kila kimoja njia yake. Hiyo ni hatua ya uzalishaji, ina gharama yake na ina malipo yake. Mashine yetu ina miaka 60 na mjukuu mgongoni.

Turudi kwenye vidogo.

Wale mliokulia Usukumani mnajua, wengine nivumilieni. Vidogo havitupwi. Vinamenywa, vinaachwa vinyauke, vinakatwa vipande na kuanikwa juani, kwenye mwamba au juu ya kichanja, mpaka vinakuwa vyeupe na vigumu. Hiyo ni michembe. Vikichemshwa kwanza, halafu vikakatwa na kuanikwa, vinakuwa matobolwa, ambayo unaweza kuyatafuna hivihivi kama peremende. Michembe ikikauka sawasawa na kuhifadhiwa vizuri inakaa miezi. Wakati kiazi kibichi hakimalizi wiki mbili bila kuharibika, michembe inavuka kiangazi chote na kufika Desemba, Januari na Februari, ile miezi ambayo mvua imeshaanza, mahindi yanaonekana mazuri shambani lakini hayaliki, na ghalani hakuna kitu. Michembe ndiyo inayosimama hapo katikati, inapikwa na maharage au karanga, watu wanalala wameshiba.

Kwa hiyo mama anapotenganisha vidogo na vikubwa hapangi tu vitu viwe nadhifu. Anaamua familia itakula nini miezi sita baadaye. Ni bajeti ile, tena bajeti inayopitishwa chini ya mti bila posho za vikao.

Halafu anakuja mnunuzi.

Mnunuzi ana fedha taslimu na ana magunia yake. Anataka fungu la vikubwa, sawa, ndilo lililoandaliwa kwa ajili yake. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Lakini haliishii hapo. Linaongezewa kipande cha gunia jingine au linasukwa kamba juu, vinapangwa viazi vingine mpaka panakuwa na kichwa. Mnaijua: lumbesa. Bei iliyokubaliwa ni ya gunia moja, na lile lenye kichwa nalo linaitwa gunia moja. Kichwa kinalipwa na nani? Hakilipwi. Na kichwa kinajazwa na nini? Vikubwa vikiisha, wanaingia kwenye fungu la wastani. La wastani likiisha wanamalizia na vidogo, vinapenyezwa kwenye nafasi zilizobaki katikati ya vikubwa, ambako vinaingia vizuri kweli kwa sababu ya udogo wao.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kichwa cha lumbesa ni michembe ya nyumba.

Tupige hesabu, na hii ni hesabu yangu mwenyewe. Kanuni za vipimo zinasema gunia la mazao lisizidi kilo 100. Tuseme lumbesa ina kilo 140, na tuseme nyumba moja imeuza magunia 10. Hizo ni kilo 400 zilizoondoka bure. Ukimenya na kukausha, kilo nne za viazi vibichi zinakupa takriban kilo moja ya michembe. Kilo 400 zinakuwa kilo 100 za michembe. Kaya ya watu sita ikipika kilo mbili kwa siku, hiyo ni milo ya siku 50, karibu miezi miwili. Kwa maneno mengine, Januari yote na sehemu kubwa ya Februari ya nyumba ile imeondoka juu ya lori mwezi wa sita, imekaa juu ya magunia kama kofia.

Lori linapita lami ya Bariadi hadi Lamadi, linashika barabara kuu ya kwenda Mwanza. Huko magunia yanafunguliwa na sasa uchambuzi wa pili unaanza. Vikubwa vinapangwa mafungu mazuri mbele, vya wastani vina bei yao, vidogo vinakwenda kwa wachemshaji au vinauzwa kwa bakuli. Kila daraja lina bei. Yaani ule uchambuzi ambao kijijini haukuwa na thamani, ukivuka Magu unakuwa na thamani ghafla. Muuzaji wa mjini anakuuzia ukubwa, uzima na aina. Aliyemuuzia yeye aliuza "gunia".

Sasa siasa. Kanda ya Ziwa inajua maana ya mizani kuliko sehemu nyingine yoyote ya nchi hii. Miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima wa pamba waliokuwa wakiuza kwa wafanyabiashara binafsi walichoka kupunjwa kwenye mizani. Hawakuanza na maandamano. Waliweka watu wao wenyewe kwenye vituo vya kununulia, kazi yao ikiwa kurudia kupima. Kutokana na harakati hizo vikakua vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa shirikisho la vyama vya ushirika la Victoria chini ya Paul Bomani, ambaye baadaye alikuja kuwa waziri wa fedha. Katika miaka ambayo serikali ya kikoloni iliizuia TANU kufanya kazi Kanda ya Ziwa, ushirika wa pamba ndio uliobaki kuwa sauti ya watu. Sisi pale Mlimani tulisoma uhuru kwa hotuba. Usukumani sehemu yake kubwa ilianzia kwenye jiwe la mizani.

Ndiyo maana inanishangaza kwamba miaka 70 baadaye, katika eneo lilelile, zao jingine linauzwa kwa kukadiria kwa macho.

Lakini nisiipake pamba rangi nzuri. Pamba nayo inatufundisha kitu kuhusu uchambuzi, na si kitu kizuri. Mkulima anatakiwa kuchambua pamba kwa madaraja mawili, A ile nyeupe safi, na B ile yenye madoa na uchafu. Ni kazi ya kuchosha, inafanywa na walewale wanawake na watoto, nyumbani, pamba imemwagwa kwenye turubai. Baada ya soko kufunguliwa kwa wanunuzi binafsi mwaka 1994, wanunuzi wakawa wanagombania wingi, na safi na chafu zikawa zinakwenda kwa bei karibu ileile. Matokeo yake unayajua: pamba yenye mchanga, pamba iliyonyunyiziwa maji usiku ili asubuhi ipime vizuri. Viongozi wamekuwa wakifoka kwenye majukwaa kwamba wakulima si waaminifu. Mwaka 2018 ununuzi ukarudishwa kwenye vyama vya ushirika vya msingi, AMCOS, na mchanga bado ukawa ni wimbo wa kila msimu.

Mimi nasema mkulima amefanya hesabu tu. Kama nikikesha nachambua napata bei hii, na jirani yangu asiyechambua anapata bei hiihii, nakesha kwa ajili gani? Waliosoma uchumi wanamkumbuka George Akerlof, aliyeandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika na baadaye, mwaka 2001, akapewa Nobeli. Hoja yake ni kwamba mnunuzi asipoweza kutofautisha kizuri na kibaya, atatoa bei ya katikati kwa vyote, na mwenye kizuri ataondoka sokoni. Akerlof alikuwa anaongelea magari mabovu ya Marekani. Angekwenda Bariadi angemaliza makala yake kwa siku moja.

Cha ajabu kwenye viazi ni kwamba yule mama hajaacha kuchambua. Soko halimlipi, lakini bado anachambua vizuri, kwa sababu anajichambulia yeye mwenyewe, kwa ajili ya sufuria yake na michembe yake. Siku lumbesa ikishameza vidogo vyote, atakuwa na sababu gani ya kuendelea? Hilo ndilo linalonipa wasiwasi. Ujuzi huu haujaandikwa mahali. Upo kwenye vidole vya wanawake wa umri fulani, na mabinti zao wanaujifunza kwa kukaa pale chini ya mti. Kama viazi vyote vinamwagwa kwenye gunia moja, hakuna tena cha kukaa chini ya mti.

Na tuseme ukweli kuhusu mambo ya nyumbani pia, hata kama kuna watakaonuna. Usukumani pamba ni ya baba, viazi ni vya mama. Hiyo kwa muda mrefu ilikuwa na maana, kwa sababu viazi vilikuwa chakula na havikuwa na lori. Mnunuzi alipoanza kuja na noti, viazi navyo vikapata baba. Anayekwenda kusimama na mnunuzi na kukubaliana bei mara nyingi ni mwanamume, ambaye hakuwa chini ya mti na hajui fungu lipi ni lipi. Mnunuzi anapenda sana hali hiyo. Ni rahisi kumkubalisha kichwa cha lumbesa mtu ambaye hatakuwa jikoni mwezi wa kwanza. Sisemi wanaume wa Bariadi ni wabaya kuliko wa Ilala. Nasema anayejua thamani ya kitu hayupo kwenye mazungumzo ya bei, na hilo lingekuwa kosa hata kama wote wangekuwa malaika.

Kuna rafiki yangu, yeye ana mtaji wake kwenye mazao, nilipomweleza haya alinijia juu. Akaniuliza kama najua mnunuzi anapoteza viazi kiasi gani njiani, lori likikwama, soko likijaa, mvua ikinyesha. Kwamba lumbesa ni bima yake. Ni hoja ya kweli, siidharau. Kiazi kitamu kinaoza haraka na mnunuzi ndiye anayebeba hasara ya kuoza. Lakini bima inalipiwa kwa bei inayojulikana na pande zote mbili. Kama hatari ya njiani ni kubwa, mnunuzi aseme: kwa sababu ya hatari nakupa shilingi kadhaa pungufu kwa kilo. Mama akubali au akatae. Kumtoza mtu bima kwa kumfunika macho kuna jina jingine.

Akaongeza kwamba hata tukipima kwa kilo, mnunuzi atashusha bei ya kilo mpaka fedha ya mwisho iwe ileile. Huenda, mwanzoni. Mizani haileti fedha mfukoni yenyewe. Inacholeta ni kujua. Mama akijua kwamba ameuza kilo 1,400 na si "magunia 10", ataanza kuuliza kilo 400 zilikwenda kwa bei gani. Na kukiwa na bei ya kikubwa na bei ya kidogo, atajua pia kwamba kidogo kina faida zaidi kikibaki nyumbani. Leo hawezi kukataa kuuza vidogo, kwa sababu hakuna anayekiri kwamba vimeuzwa.

Najua pia mtasema lumbesa imeshapigwa marufuku. Imepigwa marufuku mara ngapi? Sheria ya vipimo ipo, Wakala wa Vipimo wapo, na karibu kila kiongozi mpya anayepelekwa mkoa wa viazi, Njombe, Mbeya, popote, anatangaza vita dhidi ya lumbesa. Wenzetu wa Kenya mwaka 2019 walitunga kanuni kabisa za viazi mviringo, mfuko usizidi kilo 50. Huko gunia lenye kichwa lina jina la utani, mkorino, kwa sababu linaonekana kama limevaa kilemba cha waumini wa Akorino. Kanuni zilipotoka mkorino haukufa. Askari wa barabarani anaweza kulikamata gunia, lakini gunia linafungwa shambani, na shambani hakuna askari, kuna mtu mwenye fedha na mtu mwenye shida ya ada ya shule.

Ninachoona kinawezekana ni kidogo zaidi ya vita. Karibu kila kijiji kinacholima pamba Simiyu kina AMCOS au kiko jirani na AMCOS, na AMCOS ina mizani iliyokaguliwa, ina karani, ina daftari. Msimu wa pamba na msimu wa viazi vinakutana hapohapo, mwezi wa tano hadi wa saba. Mizani inayopima pamba ya baba asubuhi haina sababu ya kushindwa kupima viazi vya mama mchana. Hapahitajiki mradi wala mfadhili, wala semina ya siku tatu Mwanza. Panahitajika uamuzi wa mkutano wa chama kwamba viazi vinavyotoka kijijini vinapita kwenye mizani, kwa mafungu mawili, kila fungu na bei yake, na jina linaloandikwa kwenye daftari ni la aliyechambua. Halmashauri nayo itapata ushuru wa kilo za kweli badala ya kuhesabu magunia yenye vilemba.

Na sisi wa magazeti tumo. Kila mwaka tunaandika "Lumbesa marufuku" kwa sababu kiongozi amesema hivyo mbele ya kamera, tunaweka picha yake, tunakwenda kula. Nimetafuta kwenye makabati ya gazeti letu habari moja tu ambayo mwandishi amelipima gunia lenyewe, akatoa kilo zake hadharani. Sijaipata.

Kwa hiyo nimenunua mizani ya kuning'iniza, ile ya wauza nyama. Mwezi wa sita ujao naomba ruhusa ya siku nne, nakwenda kupima magunia 10 shambani, halafu nayafuata magunia hayohayo mpaka Mwanza nione yanauzwa kwa mafungu gani na bei gani, kilo kwa kilo. Mhariri ameniambia ukurasa ule ni wa michezo, lakini huenda akanipa nusu.